Elektroni Hutembea Polepole, Taa Huwaka Papo Hapo

Wanafunzi wengi wanaoanza somo la umeme na sumaku chuoni huja na picha moja kutoka sekondari: elektroni hutoka kwenye betri, hukimbia ndani ya waya kama maji bombani, kisha huikabidhi taa nishati yake. Picha hiyo inatosha kwa maswali ya sheria ya Ohm, lakini huwatenga wanafunzi na kiini cha somo, yaani uga, ile hali ya nafasi yenyewe inayozisukuma chaji. Kwa sababu hiyo naona ni vyema kuivunja mapema, tena kwa hesabu.

Tuchukue waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, unaotumika sana kwenye taa za nyumbani, ukiwa umebeba mkondo wa ampea 1. Kila mita ya ujazo ya shaba ina elektroni huru zipatazo 8.5 × 10²⁸, kila moja ikiwa na chaji ya kulombu 1.6 × 10⁻¹⁹. Tukigawanya mkondo kwa zao la idadi hiyo, chaji hiyo na eneo la mkato wa waya, tunapata mwendo wa wastani wa takriban milimita 0.05 kwa sekunde. Elektroni iliyo kwenye swichi ingehitaji zaidi ya saa 50 kuifikia taa iliyo umbali wa mita 10. Na hapo tunazungumzia mkondo usiogeuka. Katika umeme wa majumbani kwetu, wenye mizunguko 50 kwa sekunde, elektroni haziendi popote: tukiacha mbio zao za ovyo zinazotokana na joto, mkondo huo huzisogeza huku na huku kwa umbali usiofika hata mikromita 1.

Kinachowahi kufika ni uga wa umeme. Swichi inapowashwa, chaji zilizo juu ya uso wa waya hujipanga upya, na mabadiliko hayo husambaa kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, hata elektroni zilizomo tayari ndani ya taa zikaanza kusukumwa karibu papo hapo.

Tazama mahali waya unapopinda. Betri iko mbali. Ni nini basi kinachoifanya elektroni ikate kona? Mwanzoni elektroni chache hujikusanya kwenye uso wa nje wa kona, zikazisukuma zile zinazofuata, mpaka uga wa ndani ufuate mpindo wa waya. Kwa nini zijikusanye usoni na si katikati? Sheria ya Gauss, inayofungamanisha uga unaopenya uso uliofungwa pande zote na chaji iliyomo ndani yake, hutuonyesha kwamba ndani ya waya wa aina moja, mkondo ukishatulia, jumla ya chaji ni sifuri. Sheria ambayo wanafunzi huiona kuwa zoezi la matufe na mitungi tu, kumbe ndiyo inayoeleza saketi.

Nishati nayo haisafiri mgongoni mwa elektroni. Mwaka 1884 mwanafizikia Mwingereza John Henry Poynting alionyesha kwamba hupita katika nafasi inayouzunguka waya, kule uga wa umeme na uga sumaku unapokutana. Chukua kikinzani chenye umbo la mtungi, urefu L na nusu kipenyo r. Ikiwa V ni volteji kati ya ncha zake, I ni mkondo wake na μ₀ ni kiwango kisichobadilika cha sumaku, uga wa umeme usoni pake ni V/L, na uga sumaku ni μ₀I/2πr. Zao lao, likigawanywa kwa μ₀, ni nishati inayoingia kwa kila sekunde katika kila mita ya mraba ya ubavu wake; zidisha kwa eneo la ubavu huo, 2πrL, nawe utapata VI kamili, bila hata elektroni moja kutajwa.