Je, wajua risasi ya kuwindia inawezaje kutengenezwa bila risasi?

Kiswahili kimetutegea mtego hapa. Risasi ni jina la madini ya kijivu, mazito na laini, na ni jina la kile kinachochomoka kwenye mtutu wa bunduki. Neno tumelipata kwenye Kiarabu, na huko pia madini na kombora lake ni ndugu wa shina moja. Kwa karne nyingi hakukuwa na haja ya kuvitenganisha, maana kimoja kilitokana na kingine. Leo wapo wawindaji wanaofyatua risasi zisizo na chembe ya risasi ndani yake. Tusije tukapotezana, kuanzia hapa "risasi" ni madini, na kile kinachoruka nitakiita "kichwa".

Madini haya yalipendwa kwa sababu yanamfanyia fundi kazi yote. Yanayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, kwa hiyo moto wa kuni na kalibu vinatosha. Ni mazito: sentimita moja ya ujazo ina gramu 11.3, kwa hiyo kichwa kidogo hubeba nguvu nyingi na hakipungui kasi haraka angani. Tena ni laini. Kikimgonga mnyama, kichwa hutandazika, kikapanuka na kuua upesi badala ya kupenya kama sindano na kumwacha akimbie na jeraha. Mwaka 1882 Mswisi Eduard Rubin alikivisha kichwa koti la shaba ili risasi isipakae ndani ya mtutu kwa kasi kubwa, lakini moyo wake ulibaki uleule.

Ulaini huohuo ndio ulioleta balaa. Kichwa cha kasi kikitandazika, hakiishii hapo, humeguka. Picha za eksirei za mizoga huonyesha vipande vingi, vingine kama vumbi, vimetawanyika mbali na tundu la jeraha. Mwindaji huchukua nyama na kuacha matumbo porini, nao ndege wala mizoga wanakula vyote. Asidi kali ya matumbo yao huyeyusha vipande hivyo, sumu ikaingia kwenye damu. Kondori wa California, ndege wakubwa wala mizoga wa Marekani, ambao mwaka 1982 walikuwa wamebaki 22 tu, waliendelea kufa kwa sumu hiyo hata baada ya kuzalishwa kwenye vizimba na kurudishwa porini. California ikapitisha sheria mwaka 2013, na tangu Julai 1, 2019 risasi imepigwa marufuku katika uwindaji wote wa jimbo hilo. Denmark ilifika huko mwaka 2024.

Basi fundi akaambiwa: tumia shaba. Ukifikiri kidogo, ni kumwambia mtu avue mwili abaki na koti.

Shaba ni ngumu. Kichwa cha shaba kisicho na ufundi wowote kitapita ndani ya mnyama bila kubadilika umbo, na hilo ndilo mwindaji asilolitaka. Jibu lililoenea tangu miaka ya 1980, pale kampuni ya Barnes ya Marekani ilipoleta kichwa chake cha shaba tupu, ni kutoboa tundu kwenye ncha na kukata mistari ya udhaifu kwenye kuta zake. Mwili wa mnyama kwa sehemu kubwa ni maji. Kichwa kinapoingia, majimaji hayo hujaa ndani ya tundu kwa shinikizo kubwa mno, kuta zikapasuka kwenye mistari ile na kujikunja nyuma kama petali za ua, mara nyingi nne. Upana hufika karibu maradufu ya ule wa mwanzo. Kwa kuwa shaba hunyumbulika bila kukatika ovyo, kichwa hubaki na karibu uzito wake wote. Mnyama anakufa kwa upana wa jeraha, na hakuna vumbi la sumu linaloachwa nyuma.

Vingi siku hizi vina kincha cha plastiki kilichozibia tundu. Wengi hudhani ni pambo. Angani hukata upepo. Kikigonga, husukumwa ndani kama kabari na kuanzisha ule upasukaji.

Kikwazo cha pili ni urefu, nacho ndicho kinachowashangaza wenye bunduki za zamani. Shaba ina gramu 8.96 tu kwa sentimita ya ujazo. Ukitaka uzito uleule kwa unene uleule, kwa hesabu tupu utaongeza urefu kwa karibu robo. Sasa fikiria ile pia wanayoichezea watoto: ikikosa mzunguko wa kutosha huyumba na kuanguka. Kichwa nacho husimamishwa na mzunguko, kinaoupata kwenye mifereji iliyojipinda ndani ya mtutu, na kadiri kinavyorefuka ndivyo kinavyohitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi. Mwingereza Greenhill aliliwekea jambo hili kanuni mwaka 1879. Mtutu unaozungusha mara moja kwa kila sentimita 25 hukipa kichwa chenye kasi ya mita 850 kwa sekunde mizunguko zaidi ya 3,000 kwa sekunde, na bado kichwa kirefu mno kinaweza kuyumba. Ndiyo maana aliyezoea gramu 11.7 za risasi huteremka hadi gramu 10.7 au 9.7 za shaba.

Kuna na ile mikanda iliyochongwa kuingia ndani, kuzunguka kiuno cha kichwa. Risasi ilikubali kukandamizwa na mifereji ya mtutu. Shaba hubisha, shinikizo la baruti likapanda na mtutu ukachafuka kwa shaba. Mikanda hupunguza eneo la msuguano na kuipa shaba inayosukumwa pahali pa kwenda.

Wepesi una faida yake, kwani kichwa hutoka kwa kasi zaidi, na shaba inaihitaji kasi hiyo. Vichwa vingi vya namna hii havifunguki vizuri vikigonga chini ya takriban mita 550 hadi 600 kwa sekunde, wakati risasi laini ingetandazika hata kwa mwendo wa chini ya hapo. Kwa hiyo mwindaji wa shaba hupima umbali kwanza: mnyama aliye mbali kiasi cha kuichosha kasi hiyo, humsogelea au humwacha apite.