Kupanda Nyandarua wakati wa mvua: maswali kuhusu mwinuko, baridi na njia za zamani za kijeshi

Masika na vuli haviwazuii Wanairobi kupanda milima. Alfajiri ya Jumamosi matatu hujaa watu wenye mikoba mgongoni, safari ya Njabini, kupanda Elephant Hill na vilele vingine vya safu ya Nyandarua, ambayo wengi bado huiita Aberdare. Baadhi ya njia katika misitu hiyo zilichongwa na jeshi la Waingereza wakati wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, likiwasaka wapiganaji wa Mau Mau. Haya ni maswali ambayo wapandaji wapya huuliza sana.

Nairobi tayari iko juu. Ugonjwa wa mwinuko utanipata kweli?

Unaweza kukupata. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Elephant Hill inakaribia mita 3,600. Kule juu, kila pumzi hukupa takriban theluthi mbili tu ya oksijeni ambayo mtu wa Mombasa huvuta.

Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na uchovu usio wa kawaida. Mara nyingi huanza saa kadhaa baada ya kufika juu. Ndiyo maana anayepanda na kushuka siku hiyohiyo huanza kuumwa kichwa akiwa kwenye gari la kurudi, akadhani ni njaa. Hiyo kwa kawaida hupungua ukishashuka na kupumzika. Lakini kichwa kikianza kuuma mngali mnapanda, usimeze dawa ya maumivu ili uendelee. Simama, na kisipotulia, geuka.

Hatari kubwa ni mtu kupepesuka, kuchanganyikiwa, au kuhema hata akiwa ameketi. Mwambie atembee hatua chache kwa mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, anashushwa papo hapo, na haachwi peke yake hata dakika moja.

Sisi tuko karibu na Ikweta. Baridi inaweza kuua mtu?

Ndiyo, na kwa safari ya siku moja naiogopa kuliko mwinuko. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Nairobi ikiwa na nyuzi 22, kileleni huenda kuna 10, na hapo hujahesabu upepo. Kwenye ukanda wa mianzi hata mvua ikikatika bado unalowa, kwa sababu kila tawi unalolisukuma hukumwagia maji shingoni. Jinzi na fulana ya pamba zikishalowa hazikauki, na nguo mbichi hunyonya joto la mwili upesi sana.

Ukiwa unapanda huhisi kitu, maana misuli inazalisha joto. Shida huanza mkisimama kileleni kupiga picha na kuwangoja waliobaki nyuma. Hapo ndipo mwili unapopoa.

Mtazame mwenzako aliyenyamaza. Tazama vidole vyake kwenye zipu ya koti: anaishika, inamponyoka, anajaribu tena, kisha anaiacha wazi. Ulimi unakuwa mzito, anajikwaa pasipo na jiwe, anaomba mmwache alale kidogo. Akiacha kutetemeka ilhali bado amelowa, msifikiri amepata nafuu, hali imezidi.

Mtoeni kwenye upepo. Mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, na msisahau kofia. Mketisheni juu ya mkoba, asikae kwenye ardhi tupu, mumfunike kwa shuka au blanketi na mtu mmoja ajibane naye. Kama ana fahamu na anameza vizuri, mpeni chai ya moto yenye sukari nyingi. Pombe hapana, kwa kuwa hupanua mishipa ya ngozi na joto hutoka zaidi. Msimsugue mikono wala miguu.

Kwa hiyo kila mtu abebe nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na asiziguse mpaka zihitajike.

Nina presha. Dada yangu ana seli mundu. Twende?

Wewe muone daktari kwanza, na kama presha imedhibitiwa, usiruke dawa siku ya safari. Mwenye pumu abebe inhela yake mfukoni, si ndani kabisa ya mkoba. Dada yako, hapana. Oksijeni ikipungua, chembe zake za damu hujikunja na kuziba mishipa, na maumivu yanaweza kumshika mbali na hospitali. Mpeleke matembezi ya msitu wa Karura, hapa Nairobi.

Maji ya kijito yanafaa kunywa?

Yachemshe au yatibu kwa dawa, hata yakionekana maangavu. Wanyama wako juu yenu mlimani, na huyachafua. Beba chupa ya kudumu, kwa sababu tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga za taifa.

Tukikuta chuma cha zamani msituni?

Msikiguse, msikipige teke, msikibebe kama kumbukumbu. Miaka ya 1950 ndege za kivita aina ya Lincoln ziliruka kutoka uwanja wa Eastleigh, hapa Nairobi, zikamwaga mabomu kwenye misitu hii, na bomu ambalo halikulipuka halipoi kwa kukaa miaka mingi. Rudini mlikopitia, kumbukeni mahali, mwambieni askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, anayewasindikiza. Na kweli, msiende bila yeye: humo mna ndovu na nyati.

Tugeuke saa ngapi?

Kubalianeni mkiwa bado chini, kabla mtu hajachoka. Mimi husema saa saba mchana, mwe mmefika kileleni au hamjafika, kwa sababu giza huingia kabla ya saa moja jioni na matope hufanya kushuka kuwe kwa polepole kuliko mnavyodhani. Mwachieni mtu wa nyumbani jina la njia na saa mnayotarajiwa. Nambari ya dharura ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199, ila mtandao hupotea mabondeni, hivyo pigeni mkiwa ukingoni, palipo wazi.