Mpenzi Tajiri Anauza Nini Hasa?

Muswada mwingine umenifikia: mapenzi, ushindani wa kibiashara na fumbo. Shujaa ni "mfanyabiashara mkubwa", ana ofisi ghorofa ya juu na hasimu wa kumkosesha usingizi. Nimefika katikati sijajua anauza nini. Nilipomuuliza mwandishi, akanipa jibu nililolichoka: biashara ni mandhari tu, msomaji anafuata mapenzi.

Hapana! Katika riwaya ya aina hii biashara ndiyo inayozaa fumbo. Ukiiacha tupu utaokota fumbo njiani: barua isiyo na jina, pacha aliyefichwa, ajali ya usiku.

Chukua mnada wa chai wa Mombasa, ulioanzia Nairobi mwaka 1956 ukahamia Pwani mwaka 1969. Kabla ya mnada madalali husambaza sampuli. Wanunuzi huonja, hukadiria thamani, na kila kampuni hujiwekea kikomo cha bei. Kikomo hicho ni siri. Sasa mfanye Zaina mwonjaji wa kampuni moja, mpenzi wake awe mnunuzi wa kampuni hasimu. Kila wiki loti, yaani mafungu ya mnadani, za PF1 (daraja la chai ya chembe ndogo) alizozitia alama Zaina zinachukuliwa na hasimu kwa senti mbili juu ya kikomo cha kampuni ya Zaina. Nani anavujisha? Pacha wa nini tena? "Jana ulichelewa wapi?" limekuwa swali la mapenzi na la upelelezi kwa pamoja. Hata kidokezo kinatoka kazini: katalogi yenye alama za penseli ambazo mwonjaji mwenzake tu angeweza kuzisoma. Kwamba vidokezo vionekane mapema, hilo tunalijua tangu mpelelezi Bwana Msa wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, 1960, silirudii.

Linalonisumbua mpaka leo ni hili. Msomaji wa mapenzi anajua wawili hawa watapatana. Basi ameshajua mwanamume si mwizi, na fumbo limekufa mapema. Huwa nashauri apewe hatia ya kweli, ila ndogo kuliko inayodhaniwa: hakuiba kikomo, lakini alimjua mwizi akanyamaza, kwa kuwa ni mjomba aliyemsomesha. Fumbo linapona, mapenzi yanajeruhiwa. Wapo wasomaji wasiomsamehe kamwe, na sina hakika kwamba wamekosea.

Ukitaka wapatane, usiwapitishe kando ya hatia hiyo. Zaina amuulize alijua tangu lini, naye autaje mnada wenyewe, na loti aliyoiona ikipotea.