Seli za masti: walinzi waliojificha ndani ya ukuta wa utumbo wa ndege

Mfugaji akimpasua kuku aliyekufa kwa kuhara damu, macho yake huenda moja kwa moja kwenye utumbo mpofu: umevimba, umekuwa mwekundu mweusi, na ukiukata unatoka damu iliyoganda. Kilichotangulia hapo ni mapambano ya siku kadhaa ndani ya ukuta wa utumbo, na kuna seli iliyoshiriki tangu mwanzo ambayo ni wachache wanaoijua. Ni seli ya masti, inayokaa ndani ya tishu unganishi ya ukuta huo, na maswali haya yanaihusu.

Tishu unganishi ni kitu gani, na kwenye utumbo iko wapi?

Ukuta wa utumbo una matabaka. La ndani kabisa ni utando unaogusana na chakula na kukifyonza. Kwa nje kuna misuli inayosukuma. Katikati yake kuna tishu unganishi, yaani nyuzi na majimaji yanayoyashikanisha matabaka hayo, na ndimo mishipa ya damu na neva hupita. Msidhani ni gundi tu. Humo mna seli zinazotengeneza nyuzi, makrofaji zinazomeza vijidudu, seli za plasma zinazotoa kingamwili, na hizi tunazozizungumzia, seli za masti.

Jina hilo limetoka wapi?

Mwaka 1878, Mjerumani Paul Ehrlich, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, alieleza seli zilizojaa chembechembe tele. Alidhani zimeshiba chakula, akaziita kwa neno la Kijerumani lenye maana ya kulisha mnyama mpaka anenepe. Baadaye ilijulikana kwamba chembechembe zile hazikuliwa. Seli huzitengeneza yenyewe. Mwaka 1953 James Riley na Geoffrey West walionyesha kwamba ndani yake mna histamini, dutu ileile inayomwasha mtu na kumtoa kamasi anapopata mzio. Mna pia heparini, inayozuia damu kuganda.

Namna ya kuzitambua inapendeza kuitazama. Kipande chembamba cha utumbo hutiwa rangi ya buluu iitwayo toluidini, kisha huwekwa chini ya hadubini. Tishu yote hugeuka buluu, lakini chembechembe za seli za masti hugeuka zambarau, kwa hiyo seli huonekana kama tone la zambarau lililojibanza kando ya mshipa mdogo wa damu.

Kwa ndege kuna mtego. Chembechembe za kuku huyeyuka kirahisi kwenye maji, na kipande kilichohifadhiwa kwenye formalini ya kawaida kinaweza kuonekana hakina seli hizo kabisa. Wataalamu hukihifadhi kwenye mchanganyiko wenye alkoholi. Nalitaja hili kwa sababu jibu la "hazikuonekana" mara nyingi linahusu chupa ya kuhifadhia kuliko kuku mwenyewe.

Kwenye njia ya chakula ya ndege zinakaa wapi?

Chakula hupita kwenye gole, kikaingia tumbo la tezi, kisha firigisi, utumbo mwembamba, mpaka kwenye kloaka, yaani tundu moja la kutolea kinyesi, mkojo na mayai. Pale utumbo mwembamba unapoishia kuna vifuko viwili virefu vya utumbo mpofu. Binadamu anacho kimoja tu. Seli za masti zimetawanyika kwenye njia hiyo, na tumbo la tezi ni mojawapo ya sehemu zinakopatikana kwa wingi, zikiwa zimejipanga katikati ya tezi zinazotoa asidi. Mahali hapo panaeleweka, kwani histamini ni miongoni mwa dutu zinazozichochea tezi hizo kutoa asidi.

Kazi yake hasa ni ipi?

Ni kupiga kengele. Kijidudu kikiuvuka utando wa ndani, seli ya masti humwaga chembechembe zake. Histamini hutanua mishipa midogo ya damu na kuifanya ivuje, na kupitia nafasi hizo seli nyingine za kinga hutoka kwenye damu na kuingia kwenye tishu. Misuli ya utumbo nayo hukaza. Maji humiminika ndani ya utumbo, yaliyomo yakasukumwa nje haraka. Kwa hiyo kuhara si ugonjwa mtupu. Sehemu yake ni mwili unaojaribu kumfagia mvamizi. Ila ufagio huo ukizidi, kifaranga hukaukiwa maji na kufa, hata kama mvamizi alikuwa ameanza kushindwa.

Kwa nini utumbo wa ndege unahitaji walinzi wake wa papo hapo?

Mtu akiwa na kidonda mguuni, tezi za limfu huvimba kinenani, nasi tukasema amepata mtoki. Kuku hana tezi za namna hiyo. Bata na bata bukini wanazo chache, za muundo rahisi. Kinga ya kuku imetawanywa ndani ya kuta zenyewe: kuna vichaka vya seli za kinga kwenye utumbo, kuna tonsili za utumbo mpofu, na kuna kifuko juu ya kloaka kiitwacho bursa ya Fabricius. Mwaka 1956 Bruce Glick na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kuku walioondolewa bursa wakiwa wadogo hushindwa kutengeneza kingamwili ipasavyo. Herufi B katika jina la seli B, yaani seli za kinga ambazo hutokana nazo seli za kutoa kingamwili, hata zile za binadamu, ilianzia kwenye bursa hiyo. Mimi kila nikiikumbuka habari hii nahisi tumewakopa kuku deni kubwa.

Inahusianaje na kuhara damu na kideri?

Kuhara damu, yaani koksidiosisi, husababishwa na vimelea vya Eimeria. Aina iitwayo Eimeria tenella huvamia utumbo mpofu, ikazaliana ndani ya seli za utando na kuzipasua. Hapo seli za masti humwaga chembechembe zao, na iliyomwaga haishiki tena rangi, ikawa kama imetoweka. Baadaye idadi yake hupanda, na mishipa iliyotanuka huzidisha uvimbe.

Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, ni ugonjwa wa virusi. Kuku aliyekufa kwa aina yake kali mara nyingi hukutwa na madoa ya damu kwenye tumbo la tezi, juu kabisa ya matundu ya tezi. Madoa hayo huletwa na virusi vinavyoharibu mishipa. Msizitupie seli za masti lawama yote.

Je, nimpe kuku dawa ya mzio ili kuhara kukome?

Hapana. Utakuwa umenyamazisha kengele na mwizi bado yumo ndani. Koksidiosisi ina dawa zake, na daktari wa mifugo ndiye wa kuchagua ipi na kwa kipimo gani, pamoja na siku za kusubiri kabla ya kula nyama au mayai. Kideri hakina dawa, kina chanjo. Kwa upande wako, matandazo yawe makavu. Vijiyai vya Eimeria vinavyotoka na kinyesi haviambukizi palepale. Huhitaji unyevu, joto na hewa kwa siku moja au mbili ndipo vikomae. Mahali panapovuja maji chini ya chombo cha kunywea ndipo pa kuangalia kwanza.

Kwa anayekula firigisi na utumbo, seli hizi zina madhara?

Zenyewe hazina. Hatari iko kwa bakteria ambao walinzi hawa huwavumilia. Campylobacter hukaa kwenye utumbo mpofu wa kuku anayekula na kutembea vizuri, na Salmonella mara nyingi vilevile, lakini binadamu wakimwingia humharisha vibaya. Usioshe kuku mbichi kwa maji yanayorukaruka, kisu kilichokata mbichi kisiguse kilichoiva, na nyama ifikie nyuzi 74 za Selsiasi katikati kabisa.