Kuitafuta Randa ya Marehemu: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Familia nyingi za Dodoma zilizowahi kuwa na fundi seremala zimepoteza zana ambayo leo zingefurahi mno kuirudisha, na mara nyingi zana hiyo ni randa ya chuma, ile ya kulainishia mbao. Pengine iliuzwa kwa haraka wakati wa msiba, au iliazimwa na haikurudi, au iliondoka na sanduku zima la vifaa pale warithi walipogawana vitu bila kujua thamani ya walichokishika. Randa ya namna hiyo hupatikana mara nyingi zaidi ya watu wanavyodhani, ila wengi huitafuta wakiongozwa na mambo yasiyo ya kweli.

Dhana inayokatisha tamaa kuliko zote ni kwamba zana kuukuu ikishauzwa imekwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu na imekwisha kuyeyushwa. Hilo hutokea, lakini randa namba 4 (namba ni ya ukubwa) ya kiwanda cha Stanley haifiki hata kilo mbili, kwa hiyo fedha yake kwenye mizani ni ndogo sana ikilinganishwa na ile ambayo seremala yuko tayari kutoa ili aifanyie kazi. Mnunuzi wa skrepa anayeijua biashara yake huichomoa kwenye lundo na kuiuza kama zana. Zaidi ya hapo, randa nzuri kwa kawaida huhama kutoka mkono wa fundi kwenda mkono wa fundi. Ndiyo sababu, kabla ya kuzunguka masoko ya Majengo na Sabasaba au mnada wa Msalato, inafaa kuanza na watu waliofanya kazi na marehemu: vijana aliowafundisha, fundi aliyeshirikiana naye karakana, na jirani aliyezoea kuazima. Watu hao hawahitaji kuhojiwa kama washukiwa. Anayekwenda na salamu, akaeleza kwamba anatafuta kumbukumbu ya mzee wake na yuko tayari kuinunua, husaidiwa. Anayekwenda kwa kutuhumu hufungiwa mlango.

Wengine huamini kwamba kulijua jina la kiwanda kunatosha. Wanauliza, "Mna randa ya Stanley?" na wanaletewa randa, kwa kuwa Stanley namba 4 na namba 5 zilitengenezwa kwa wingi mno na zimetapakaa duniani kote. Kiwanda kilizitoa zikiwa zimefanana, na kinachozitofautisha ni maisha zilizoishi baadaye. Randa ya baba yangu mkubwa, aliyekuwa fundi Mpwapwa, ilikuwa na herufi mbili za jina lake zilizogongwa kwa ncha ya msumari kwenye ubavu wa kushoto, nukta kwa nukta, na herufi ya pili ikiwa imeinama kidogo. Mpini wake wa nyuma ulikuwa umevunjika pembe ya juu, mahali ambapo mipini ya randa hizi huvunjika sana, na yeye akachonga mwingine wa mninga ulio mnene kuliko ule wa kiwandani. Kwa maelezo hayo, mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa amehamia Kongwa aliitambua kabla hatujamtajia jina la kiwanda. Kaeni basi na wazee na wajomba, muandike kila kovu la zana hiyo wanalolikumbuka, na mtafute picha za zamani ambamo fundi amesimama karakana, maana wakati mwingine zana huonekana mezani nyuma yake.

Katika maelezo hayo, kisu cha randa kisitegemewe peke yake. Visu vya namba 4 na namba 5 vina upana uleule wa inchi 2 na hubadilishana bila shida, na kwa kuwa kisu hufupika kila kinaponolewa, fundi huweka kingine mara cha kwanza kinapokwisha. Inawezekana kabisa kukuta mwili wa randa ya babu una kisu kigeni, au kisu cha babu kimo ndani ya mwili wa randa nyingine. Vyote viwili vina haki ya kuitwa kumbukumbu, lakini ni vizuri mtafutaji ajue ameshika kipi.

Ipo pia imani kuhusu umri, na hii imezaa hadithi nyingi za kifamilia. Husemwa kwamba babu aliipata randa kwa Wajerumani waliojenga reli, kwa kuwa reli ilifika Dodoma mwaka 1910. Huenda babu alifanya kazi relini kweli, lakini randa za kiwanda cha Record cha Sheffield, Uingereza, zile za rangi ya buluu, zilianza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, na Stanley nayo ilianza kutengeneza Uingereza katika miaka hiyohiyo ya 1930. Kabla ya hapo randa zake zilitoka hasa Marekani. Randa iliyoandikwa "Made in England" chini ya jina la Stanley, kwa hiyo, haikuwahi kushikwa na Mjerumani wa reli. Inaweza zaidi kuwa iliingia enzi za Waingereza, ukiwemo mradi wa karanga wa Kongwa ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Kadhalika, muhuri wa EAR&H (East African Railways and Harbours) hauwezi kuwa wa kabla ya mwaka 1948, kwa maana ndipo shirika hilo la reli na bandari lilipoundwa.

Tarehe zilizo kwenye mwili wa randa, nyuma ya mahali pa kisu, nazo hupotosha. Randa za Stanley za Marekani zenye tarehe tatu za hataza, mbili za mwaka 1902 na moja ya 1910, zilitengenezwa baada ya tarehe ya mwisho kati ya hizo, takriban hadi mwaka 1918. Tarehe ya hataza ni ya kusajiliwa kwa ubunifu, na chombo chenyewe kinaweza kuwa kimetoka kiwandani miaka mingi baadaye.

Kuhusu bei, si kweli kwamba kila cha kale ni mali ghali. Wakusanyaji wa nje hulipia sana namba 1, ambayo ni ndogo kuliko zote, ila namba 4 na 5 ni za kawaida. Muuzaji akidai bei ya ajabu kwa sababu ya uzee tu, mweleze hivyo kwa adabu. Mkikubaliana, andikianeni hati fupi mbele ya shahidi, kwa kuwa kupokea mali ya wizi huku ukijua ni kosa la jinai, na hati humlinda muuzaji pia.

La mwisho ni kutu. Watu huiacha randa waliyoitafuta kwa muda mrefu kwa sababu imegeuka nyekundu, ilhali kutu ya juu huondoka, na kasoro ya kuogopwa ni ufa, kwa kuwa chuma cha kalibu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa, hakiungiki kirahisi. Piga picha alama zote kwanza, kwani brashi ya waya hufuta herufi zilizogongwa kwa msumari. Kisha ondoa sehemu za mbao, loweka chuma kwenye siki kwa saa kadhaa huku ukikikagua, sugua kwa brashi laini, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, kausha papo hapo na upake mafuta ya mashine.