Je, Wajua Kwa Nini Shule za Rosenwald Zilikuwa na Madirisha Upande Mmoja wa Darasa?

Katika vijiji vya majimbo ya kusini mwa Marekani, kuanzia Maryland hadi Texas, bado yapo majengo machache ya mbao, yasiyo na ghorofa, yaliyoinuliwa juu ya nguzo fupi za matofali ili hewa ipite chini ya sakafu. Kinachoyatofautisha na nyumba za jirani ni madirisha yake, ambayo ni marefu, yamebanana safu moja kwenye ukuta wa upande mmoja wa darasa na karibu yaguse dari, ilhali ukuta wa upande wa pili hauna dirisha kubwa hata moja. Mgeni anaweza kudhani kwamba mjenzi aliishiwa na vioo. Ukweli ni kwamba kila dirisha liliwekwa kwa hesabu, na hesabu hiyo ndiyo iliyoyafanya majengo haya yaendelee kufaa hata baada ya kengele ya mwisho kupigwa.

Majengo hayo huitwa shule za Rosenwald. Chanzo chake ni Booker T. Washington, aliyeongoza chuo cha Tuskegee huko Alabama, na Julius Rosenwald, mfanyabiashara wa Chicago aliyekuwa rais wa Sears, Roebuck, kampuni iliyouza bidhaa kwa njia ya posta. Mwaka 1912 Rosenwald alikipa chuo cha Tuskegee dola 25,000, na Washington akaomba kwamba sehemu ya fedha hizo itumike kujenga shule ndogo za watoto Weusi vijijini. Wakati huo ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria, na watoto hao wengi walisomea makanisani, katika vibanda au katika nyumba mbovu zilizovuja. Jaribio hilo dogo la shule sita lilikua hadi kufikia mwaka 1932, Rosenwald alipofariki, shule 4,977 zilikuwa zimejengwa katika majimbo 15, pamoja na nyumba 217 za walimu na karakana 163.

Jina la tajiri huyo lisimfiche aliyetoa zaidi. Rosenwald hakumjengea mtu shule bure, kwani sharti lilikuwa kwamba wanakijiji wachange, serikali ya eneo ichange na ikubali kuiendesha shule kama shule ya umma, ndipo mfuko wake uongezee. Kwa jumla mfuko ulitoa takribani dola milioni 4.4, na Wamarekani Weusi wenyewe wakatoa takribani dola milioni 4.7, juu ya kodi walizokuwa wakilipa kama raia wengine. Wengi wao walikuwa wakulima waliolima mashamba ya watu wengine. Walitenga vipande vya shamba vya kulima pamba ya shule, wakauza vyakula, wakatoa miti, wakachonga mbao na kupiga misumari wenyewe. Mkenya ataiita harambee na Mtanzania ataiita msaragambo, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Waliozunguka vijijini kuhamasisha michango hiyo, mara nyingi, walikuwa walimu wasimamizi walioitwa walimu wa Jeanes, kwa jina la Anna T. Jeanes, aliyetoa fedha za mishahara yao. Mfano wao ulivuka bahari ukafika kwetu: mwaka 1925 ilifunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi, kwa ajili ya kufundisha walimu wa namna hiyo, na eneo lake ndilo leo lina chuo cha watumishi wa umma kiitwacho Kenya School of Government.

Turudi kwenye madirisha. Ramani za kwanza zilichorwa Tuskegee na kuchapishwa mwaka 1915, chini ya msanifu Robert R. Taylor, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuhitimu katika chuo cha teknolojia cha MIT. Baadaye mtaalamu wa majengo ya shule, Fletcher B. Dresslar, alitumwa kuzikagua shule zilizokwisha kujengwa, akakuta kwamba baadhi zilijengwa ovyo na nyingine zilikuwa na mwanga mbaya. Mwaka 1920 mpango ulihamishiwa Nashville, Tennessee, chini ya Samuel L. Smith, aliyekuwa mwanafunzi wa Dresslar, naye akatoa ramani mpya ambazo ziligawiwa bila malipo. Ndani ya ramani hizo suala la mwanga lilitangulia mengine yote, kwa sababu vijijini hakukuwa na umeme.

Kulikuwa na ramani za majengo yanayotazama mashariki au magharibi, na nyingine za majengo yanayotazama kaskazini au kusini, ili kwa vyovyote kiwanja kilivyokaa kando ya barabara, madirisha ya darasa yaangukie mashariki au magharibi. Msomaji wa Mwanza au Mombasa, ambaye jua humpita utosini, akumbuke kwamba Alabama iko mbali kaskazini mwa ikweta, na huko jua la mchana hukaa upande wa kusini. Darasa lenye madirisha ya kusini lingepigwa na jua kali karibu kutwa nzima, na lile la kaskazini lingekosa jua kabisa wakati wa baridi, lakini madirisha ya mashariki au magharibi hupata jua la moja kwa moja nusu ya siku tu, na muda unaobaki hupokea mwanga mpole wa anga.

Sasa tumwangalie mtoto mmoja ameketi kwenye dawati lake. Madawati yalipangwa hivi kwamba madirisha yawe kushoto kwake, kwa sababu anayeandika kwa mkono wa kulia, mwanga ukimjia kutoka kulia, mkono wake huangusha kivuli juu ya herufi anayoiandika. Mwanga ukitoka pande zote mbili, vivuli viwili hupishana juu ya daftari na macho huchoka, na ndiyo maana ukuta wa pili ulinyimwa madirisha makubwa. Humo yaliwekwa madirisha madogo tu, juu karibu na dari, ya kupitisha upepo. Ukuta huo mtupu haukukaa bure, kwani ulibeba ubao wa kuandikia. Dari iliinuliwa hadi takribani futi 12 ili mwanga ufike upande wa mbali, ikapakwa rangi ya maziwa, kuta zikapakwa rangi nyepesi zinazorudisha nuru, na sehemu ya chini ya ukuta ikapigwa mbao za rangi nzito zisizoonyesha uchafu wa viatu na mikono. Kwa maoni yangu, hii ni kazi ya usanifu yenye heshima kuliko majumba mengi yenye nguzo za marumaru, kwa sababu aliyeichora alianza na jicho la mtoto ambaye sheria za nchi yake zilimhesabu kuwa wa mwisho.

Jambo la pili lililoandikwa katika ramani halionekani kutoka nje. Katika shule ya walimu wawili, ukuta uliotenganisha madarasa mara nyingi ulikuwa wa kukunjwa au wa kusukumwa, na ulipofunguliwa, vyumba viwili viligeuka ukumbi mmoja. Baadhi ya ramani ziliongeza jukwaa dogo na chumba cha kufundishia kazi za mikono. Humo wazazi walikutana usiku, wakulima walifundishwa kilimo, na watoto walicheza michezo ya kuigiza. Ramani zenyewe ziliitwa ramani za shule za jamii, na neno hilo halikuwa pambo.

Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba shule za umma zilizotenganishwa kwa rangi ni kinyume cha katiba. Utekelezaji ulichelewa, lakini shule ndogo za vijijini zilikuwa zimeanza kuunganishwa na kubwa, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 nyingi za Rosenwald zilikuwa zimefungwa. Hapo ndipo lile sharti la kuwa shule za umma lilipouma: mali ilikuwa ya halmashauri za shule, na watu waliotoa mbao na jasho iliwalazimu, mara nyingine, kununua tena jengo walilolijenga wao. Mengine yaliuzwa yakawa makazi au maghala, mengine yalibomolewa, na mengi yaliachwa mvua na mchwa vimalize kazi. Mwaka 2002 shirika la National Trust for Historic Preservation liliziweka shule hizi katika orodha yake ya maeneo ya kihistoria yaliyo hatarini zaidi.

Zilizopona zilipona kwa njia tofauti. Shule ya Noble Hill huko Cassville, Georgia, iliyojengwa mwaka 1923 na kufungwa mwaka 1955, ilifunguliwa tena mwaka 1989 ikiwa makumbusho na kituo cha utamaduni. Shule ya Ridgeley huko Maryland, ya mwaka 1927, iliwahi kuwa ofisi za shughuli za mabasi ya shule kabla ya kufanywa makumbusho mwaka 2011. Shule ya Scrabble huko Virginia iligeuzwa kituo cha wazee, na vyumba vyake vikawakusanya watu wa umri wa wale waliosomea humo utotoni. Zipo pia zilizochukuliwa na makanisa jirani kuwa kumbi za harusi, misiba na mikutano, na hizo huhitaji mabadiliko machache kuliko zote, kwa kuwa ukumbi ulikuwemo tangu mwanzo.

Ukarabati wake karibu daima huanzia kwenye madirisha. Umeme ulipofika, wengi waliyaziba kwa mbao au wakaweka madirisha madogo ili kuzuia baridi, na chumba kilichochorwa kwa ajili ya nuru kikabaki na giza. Seremala huondoa mbao hizo, hutafuta alama za fremu za zamani ukutani, kisha hurudisha dirisha moja moja mahali pake. Hata shule ya Columbia huko Texas, iliyojengwa mwaka 1921 na baadaye kugeuzwa ghala la nyasi kavu za mifugo, haikushindikana: ilihamishwa hadi kwenye kiwanja cha makumbusho ya mji wa West Columbia, ikakarabatiwa na kufunguliwa mwaka 2009, na mgeni anayeingia humo leo huyakuta madawati yamepangwa tena darasani kama yalivyopangwa zamani.