Chuo kimesajiliwa, lakini je, kina ithibati?

Swali linaloulizwa ni kama shahada ya mtandaoni inampa mtu mshahara sawa na ya darasani. Wapo wanaojibu kwamba digrii hizo hazitambuliki, na wapo wanaojibu kwamba chuo kimesajiliwa, basi yatosha. Tuanze na neno lenyewe. Ithibati ni uamuzi wa chombo chenye mamlaka kwamba chuo kimekaguliwa (walimu, mitaala, mitihani, namna ya kudahili) na tuzo zake zinastahili kuitwa stashahada au shahada. Maana yake ni hiyo tu, wala haina utata. Utata unaletwa na matangazo ya shahada za biashara za mtandaoni yaliyojaa kwenye simu zetu. Yanaandika "chuo kimesajiliwa Uingereza", msomaji anaelewa kwamba kina ithibati, anaanza kutuma ada.

Usajili unaotajwa hapo mara nyingi ni wa Companies House, ofisi inayoandikisha kampuni za Uingereza. Mwenye saluni na mwenye malori huandikishwa hapohapo, kwa utaratibu uleule na ada isiyo kubwa. Ofisi hiyo haifungui mtaala wala haiulizi nani anasahihisha mitihani. Mamlaka ya kutoa shahada hutoka kwingine kabisa: hati ya kifalme, sheria ya Bunge, au kwa England, idhini ya Office for Students, msimamizi wa elimu ya juu huko. Kwa hiyo kampuni inaweza kuwa halali, inalipa kodi, na bado haina ruhusa ya kumtunuku mtu shahada hata moja.

Marekani jambo linazidi kuwa gumu, kwa sababu serikali yao haitoi ithibati yenyewe. Inatambua mashirika binafsi yanayokagua vyuo, na baraza liitwalo CHEA nalo lina orodha yake. Ukiambiwa "kina ithibati Marekani" bado hujaambiwa kitu. Ithibati ya shirika gani, na shirika hilo linatambuliwa na nani? Matapeli wanaujua vizuri mwanya huu. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua jinsi kampuni ya Axact ya Karachi ilivyoendesha mamia ya tovuti za vyuo vya kubuni, ikabuni na mashirika ya kuvipa ithibati. Aliyehama kutoka tovuti ya chuo kwenda ya shirika ili ahakiki, alikuwa bado yumo mikononi mwa watu walewale.

Halafu kuna ithibati ya chuo kizima na ithibati ya fani. Shirika la AACSB, lililoanzishwa 1916, hutoa hiyo ya pili, na hushughulika na shule za biashara na uhasibu peke yake. Kuikosa ithibati yake hakukifanyi chuo kuwa feki. Viko vingi vizuri visivyo nayo.

Sasa mshahara, maana ndilo swali lenyewe. Kwenye utumishi wa umma Tanzania, mwenye shahada ya kwanza kwa kawaida huanzia ngazi ya mshahara iitwayo TGS D, awe amekaa darasani Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au amesoma usiku kupitia Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya 1992. Ngazi za mishahara hazina safu ya "mtandaoni". Kinachotazamwa ni kama tuzo inatambuliwa. Soma tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira, ofisi inayotangaza kazi za serikali, mpaka chini, kwenye masharti ya jumla ambayo wengi huyaruka: waliosoma nje wahakikishe vyeti vyao vimehakikiwa na mamlaka husika, na matokeo ya muda hayapokelewi. Kwa shahada, mamlaka hiyo ni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Nayo haiishii kwenye jina la chuo, hutazama pia uliingia na sifa zipi. Uzamili uliopewa moja kwa moja ukiwa na cheti cha kidato cha nne utakwama hapo, na ombi lako la kupandishwa cheo au kubadilishiwa kada linakwama nao.

Kwenye sekta binafsi mwajiri ana uhuru zaidi, ila fani zenye bodi zinarudi kwenye swali lilelile. Mhasibu anayetaka CPA, cheti cha juu cha taaluma ya uhasibu, atapeleka shahada yake NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi. Ikiwa inatambuliwa, ataruka ngazi za mwanzo za mitihani. Isipotambuliwa, ataanzia chini pamoja na ambao hawakutumia hizo fedha. Linaniuma hili, kwa sababu wengi wanaonaswa ni wafanyakazi wa kipato cha chini waliojinyima ili wapande.

Basi ndugu mnaosema "digrii za mtandaoni hazitambuliki", naomba mtaje chuo, maana mnawavunja moyo waliosoma kihalali na kwa taabu. Nanyi mnaosema "kimesajiliwa", ulizeni kimesajiliwa kama nini. Kisha waandikieni TCU, au CUE, tume ya vyuo vikuu ya Kenya, kwa walioko huko, mtaje jina kamili la chuo na la programu, kabla ya kulipa awamu ya kwanza.